Jumapili ya Mlango Wazi

Dalali alipotamka maneno "mlango wazi," Janine alikuwa ameshika birika la kahawa. Aliliweka mezani kwa kishindo, mfuniko ukaruka.

"Hapana," akasema. "Hilo halipo kabisa."

Tulikuwa wanne jikoni kwa Bernadine Hudak. Bernadine mwenyewe, mwenye nyumba. Binti yake Janine, aliyekuja kutoka Columbus kumsaidia kuuza, kwa sababu mama alikuwa ahamie kwake. Dalali wa nyumba, Deanna Pagliaro, ambaye uso wake umebandikwa kwenye mabenchi ya vituo vya basi karibu mji mzima wa Youngstown. Na mimi, Lois, jirani wa ng'ambo ya barabara, niliyeitwa kwa kuwa Bernadine hakutaka kubaki peke yake na watu wawili wanaojua kusema. Yeye na mimi tumetazamana madirisha tangu waume zetu walipokuwa hai, wakienda pamoja zamu ya asubuhi kiwanda cha mabomba.

Deanna hakutishika na lile birika. "Bi Bernadine, ngoja nieleze, halafu mtaamua," alisema. "Jumapili ya kwanza baada ya kuitangaza nyumba, tunaifungua saa saba mpaka saa tisa. Naweka vibao pale kona, na maputo. Anayepita anaingia, anazunguka, anatazama vyumba. Wenye nyumba wanatoka, mimi nabaki."

"Anayepita," Janine akarudia. "Umesikia, Mama? Yeyote mwenye miguu."

"Sitawadanganya," Deanna akaendelea. "Wengi huwa majirani waliokuja kuchungulia makabati ya mwenzao. Lakini nyumba hii ni ndogo, ngazi zake zimesimama wima, bafu ni moja na liko juu, chini kuna choo tu. Kwenye picha haitamvutia mtu. Inabidi aingie, aone jua linavyokaa hapa jikoni. Na akiwakuta wengine wanaiangalia, anaanza kuogopa kunyang'anywa. Hapo ndipo bei inapopanda."

"Tufanye kwa miadi," alisema Janine. "Mtu apige simu, aonyeshe kwamba benki inamkubali, umlete mwenyewe, mmoja mmoja."

"Inawezekana pia. Ila inachukua muda."

"Muda tunao."

"Wewe ndiye unao," Bernadine akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tukae. "Mimi nina nyonga ya chuma na ngazi nisizoweza kupanda."

Janine alivuta kiti, akakaa karibu na mama yake. "Mama, kuna watu kazi yao ni hiyo. Wanazunguka Jumapili nyumba zilizofunguliwa, wanajifanya wanunuzi, wanaingia bafuni na kufagia vidonge vyote kabatini. Muulize Deanna."

"Hutokea," Deanna akakiri. "Ndiyo maana nawaambia watu waondoe dawa."

"Sasa wewe fikiria nani atakuwa wa kwanza kusoma kile kibao."

Kila mtu pale isipokuwa dalali alijua anasemwa nani. Corey, mdogo wake Janine, alikuwa mwezekaji mapaa hodari mpaka siku alipoteleza akiwa kazini na kuumia mgongo. Walimpa vidonge vya maumivu. Maumivu yalipungua, hamu ya vidonge haikupungua. Na daktari alipoacha kumwandikia, akavitafuta mitaani, kisha akatafuta vikali zaidi ya hivyo. Zana za marehemu baba yake ziliuzwa moja moja. Pete ya mama yake ikafuata. Mwisho alivunja dirisha la chumba cha chini mchana kweupe, mama yake akiwa juu. Bernadine alijifungia bafuni, hajui kama aliyeingia ni mwanawe au ni mwizi. Kumbe alikuwa vyote viwili.

Siku ile ile Janine alikuja akabadilisha vitasa vyote. Kisha akampigia mdogo wake, akamkabidhi mama simu ili aseme kwa kinywa chake. Bernadine akasema: usije tena hapa. Na Corey hakuja tena. Ulikuwa unaelekea mwaka wa tatu.

"Hati ya nyumba ina jina la nani?" Bernadine aliuliza.

"Mama, tusianze."

"La nani?"

"Lako."

"Basi, Deanna, nunua maputo."

Deanna alikuwa mwanamke wa kuzijua familia. Akakusanya karatasi zake polepole, akasema tuzungumze kwanza, tumpigie kesho. Alipotoka tu, Janine akasimama.

"Ukifungua mlango huu kwa watu wa barabarani, mimi narudi Columbus leo. Utauza mwenyewe, utafunga mizigo mwenyewe."

"Nenda. Barabara unaijua."

"Unanifukuza?"

"Umesema mwenyewe unakwenda! Mimi nimekuaga tu."

Janine alichukua koti, akatoka, akakaa ndani ya gari lake mbele ya nyumba bila kuwasha injini. Theluji ya mwisho ya Machi ilikuwa imegeuka tope. Nilimwona kupitia dirisha, mikono imekamata usukani kama mtu anayeendesha kwa kasi, na gari limesimama. Hakwenda popote. Nilimwambia Bernadine ana roho ngumu. Akanijibu nimpe biskuti.

Kesho yake asubuhi, Janine akiwa dukani kutafuta maboksi, Bernadine alivuka barabara peke yake na fremu yake ya kutembelea. Nilipomwona kwenye njia yangu yenye utelezi nilitoka mbio na ndara miguuni, nikimfokea.

"Acha kelele, nishike mkono," akasema. "Nina shida nawe kabla yule hajarudi."

Nikamketisha. Hakutaka kahawa. Akatoa mfukoni karatasi aliyoachiwa na Deanna, yenye picha ya nyumba, na chini yake siku na saa ya mlango wazi, ingawa Janine hakuwa amekubali.

"Jumatano unagawa chakula kule kwenye chumba cha chini cha kanisa," alisema.

"Kila Jumatano."

"Wanakuja watu wa namna yake."

Nilikuwa nimekwisha elewa, lakini nilitaka aseme mwenyewe.

"Lois, nyumba hii ikiuzwa, atanitafuta wapi? Namba yake ya simu inajibiwa na mtu mwingine siku hizi. Kwa Janine hapajui, Janine alihama. Kitu pekee anachokijua ni mlango ule pale. Mwezi wa tano atakuwepo mtu mwingine nyuma yake."

"Mwambie Janine hivyo hivyo."

"Nikimwambia atakataa, na atakuwa na haki. Aliyekuja kufagia vioo vilivyovunjika ni yeye. Aliyekaa nami hospitali ni yeye." Alinyoosha ile karatasi kwa kiganja, kama anayepiga pasi. "Nilimwambia mwanangu asije, na safari hiyo alinisikia. Miaka yote nikimwambia kitu hasikii, hili moja akalisikia. Siwezi kumwita tena, nilimwahidi dada yake. Lakini mlango ukiandikwa wazi kwa kila mtu, naye si mtu?"

"Bernadine, akija akiwa amelewa vile vitu?"

"Nitakuwa nimemwona."

Niliichukua karatasi. Jumatano niliibandika ukutani karibu na chupa za kahawa, mahali wanapopanga foleni. Corey hakuwemo kati ya waliokula. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo, akaniuliza: "Hii si kwa akina Hudak?" Nikasema ndiyo. Akachukua supu yake, akaenda kukaa.

Sijui ni kipi kilimlegeza Janine, labda ni kuchoka. Siku ya Ijumaa alikubali, kwa masharti yake. Dawa zote zitoke ndani. Vito, hati, hata vijiko vya fedha vya bibi yao, vyote viingie kwenye buti ya gari lake, na gari likae kwenye uwanja wangu. Na yeye na mama yake wakae jikoni kwangu, dirishani, wamwone kila atakayeingia na kila atakayetoka.

"Tutakaa kama polisi," Bernadine alisema.

"Kama polisi hasa," Janine akajibu. "Na namba yao ninayo."

Jumapili ilikuja na mvua ya manyunyu. Deanna aliwahi, akafunga maputo ya njano, kisha akatia unga wa biskuti uliokandwa tayari kwenye oveni ya Bernadine ili nyumba inukie vizuri. Hilo lilimchoma Bernadine kuliko yote.

"Nyumba yangu inanuka nini mpaka ifukiziwe?"

"Wote wanafanya hivyo, Mama."

"Nimepika humo maisha yangu yote, leo inaletewa biskuti za dukani!"

Saa saba ilipogonga tulikuwa dirishani. Bernadine alikuwa na darubini ya marehemu mumewe, ile ya kuwindia kulungu. Janine alimwambia aiweke chini, watu watatuona. Hakuiweka.

Wa kwanza walikuwa akina Fedorchak, wanaokaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mume na mke, wamevaa nguo za kanisani.

"Hawa wananunua nini?" Bernadine akafoka. "Wana nyumba! Amekuja kuona kama kweli sijabadilisha zulia."

"Na hujabadilisha," nikasema.

"Nyamaza wewe."

Baadaye wakaja vijana wawili, mke amembeba mtoto mchanga kifuani. Mwanaume mmoja peke yake, mwenye futi ya chuma ya kujikunja, akaanza kupima baraza kabla hata hajaingia. Wasichana watatu waliotoka haraka, kila mmoja na biskuti. Janine alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini: wameingia hawa, wametoka hawa. Kila mara mwanaume aliyevaa kofia alipokunja kona, bega lake liliruka. Mimi nilikuwa nikimwaga kahawa baridi na kumimina nyingine, na hakuna aliyekuwa akinywa.

Ilikaribia saa tisa. Nilianza kupumua, na wakati huo huo nikamwonea Bernadine huruma, kwa maana alikuwa ameshusha darubini na kuikumbatia.

Kisha akasema, "Yule."

Hakuwa hata ameinua darubini. Mtu alikuwa akija kwa miguu kutoka upande wa mtoni, ameinamisha kichwa kwa ajili ya mvua. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unachelewa kidogo. Alikuwa mwembamba hadi koti likawa kama la kuazima. Alisimama penye kibao chenye maputo, akakisoma.

Janine aliinuka polepole. "Nani kamwambia?"

Bernadine aliiweka darubini mezani.

"Mama. Nani kamwambia?"

"Kibao kinasomeka," Bernadine alisema.

"Kibao kimewekwa leo! Yeye anakaa sijui wapi, amekujaje saa hii hii?" Akanigeukia. Nimemjua Janine tangu akiwa na meno ya utotoni, na sijawahi kuona macho yale. "Bi Lois?"

"Mimi," nikasema. "Niliweka tangazo kule kanisani."

"Wewe. Nimekaa jikoni kwako, nimekula chakula chako."

"Mimi ndiye niliyemtuma," Bernadine akaingilia. "Mgombeze aliyetuma."

Janine alikuwa ameshatoa simu. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. "Naita polisi."

"Utawaambia nini?" mama yake akauliza. "Kwamba mtu ameingia nyumba iliyoandikwa mlango wazi?"

Ng'ambo, Corey alipanda ngazi za baraza. Alipangusa viatu kwenye mkeka, mmoja, kisha mwingine, muda mrefu. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Akaingia.

Tulingoja. Mwenye futi alitoka, akaenda kupima upande wa gereji. Deanna alipita kwenye dirisha la sebule, anaongea na kutabasamu na wale wenye mtoto, mgongo wake umegeukia ngazi. Corey hakuonekana sebuleni. Hakuonekana jikoni.

"Yuko juu," Janine alisema. "Yuko juu kwenye bafu." Na akatoka. Alivuka barabara bila koti, bila kutazama magari.

"Nipeleke," Bernadine akaniambia.

"Kuna utelezi."

"Lois, nipeleke au nitambae."

Sijawahi kuvuka barabara pana kama ile. Fremu mbele, hatua moja, fremu, hatua. Gari moja likatusimamia, dereva akatupungia mkono twende taratibu, nami nikatamani apige honi atukimbize. Bernadine alikuwa akihema kwa kinywa. Ngazi za baraza zilikuwa nne tu, na pale nilimsukuma mgongoni kama gunia, Mungu anisamehe.

Tulipoingia, Deanna alikuwa amesimama sebuleni na wale vijana wenye mtoto, wote watatu wametazama juu. Sauti ya Janine ilikuwa inatoka ghorofani.

"Fungua mkono! Fungua mkono nione!"

"Hakuna kitu, dada."

"Ulikuwa umefungua kabati. Nimekukuta umefungua kabati!"

Halafu sauti ya Corey, ambayo nilikuwa nimesahau ni nzito kama ya baba yake: "Ndiyo. Nilifungua."

"Kwa hiyo ndicho ulichokuja kufuata."

"Sikuja kwa hicho." Akasita. "Nilipanda kuona chumba changu. Nikapita hapo. Nikafungua. Siwezi kukudanganya kwamba sikufungua."

"Na dawa zingekuwepo?"

Yule mama kijana alimfunika mtoto wake kichwa kwa mkono, kama mvua inanyesha ndani.

Bernadine alijikokota hadi chini ya ngazi, akashika nguzo. Hakuwahi kupanda ngazi zile tangu avunjike. Akainua uso.

"Corey!"

Hapo juu mbao za sakafu zililia.

"Shuka, mwanangu. Mimi siwezi kupanda."

Akashuka. Alishuka ngazi kwa ngazi, ameshika ukuta, na Janine nyuma yake karibu kumkanyaga. Alipofika chini hakujua mikono yake aiweke wapi. Alikuwa na kidonda mdomoni, na kucha zake nyeusi, lakini alikuwa amenyoa. Alikuwa amejikata mara mbili tatu shavuni kwa kunyoa, naona alinyoa bila kioo.

"Umevunjika nini?" aliuliza, akitazama fremu.

"Nyonga. Mwaka jana."

"Hakuna aliyeniambia."

"Ungeambiwa na nani, na wapi?" Janine akasema kutoka nyuma.

Bernadine aliachia nguzo, akamshika mwanawe usoni kwa mikono miwili. Nilimshikilia kiuno asianguke. "Nisikilize haraka, kabla hatujaanza kulia," alimwambia. "Nyumba inauzwa. Nahamia kwa dada yako. Sitaki uje hapa ukute watu wengine ukadhani nimekufa. Shika anwani kichwani. Ni mtaa wa—"

"Mama!" Janine alipiga kelele mpaka mtoto akaanza kulia. "Usithubutu! Hiyo ni nyumba yangu. Wanangu wanalala pale!"

"Na huyu ni wangu."

"Mimi je? Mimi ni wa nani?"

Deanna aliwashika wale vijana viwiko kwa upole, akawaongoza kuelekea mlangoni, akinong'ona kitu kuhusu kuwapigia kesho. Yule mume alinyoosha shingo kututazama mpaka alipotoka.

Bernadine alikuwa amemgeukia binti yake. Sijui kama alikuwa amewahi kuulizwa swali lile. "Wewe ni wangu pia," alisema mwishowe, na ilitoka kwa udhaifu, kama kitu kilichokumbukwa kwa kuchelewa, na Janine aliisikia vilevile ilivyotoka.

Ni Corey aliyesema. "Usiniambie, Mama. Usiniambie anwani."

"Kwa nini?"

"Nitakuja." Alikuwa anatazama zulia. "Siku mbaya nitakuja tu. Najijua."

Janine aliketi kwenye ngazi. Alikaa hapo, viwiko magotini, maputo yakigonga dirisha kwa upepo. Alipozungumza hakumtazama mtu.

"Simu," alisema. "Nitakupa namba ya simu, si anwani. Yangu, siyo ya Mama. Utapiga Jumapili, nitapokea mimi. Nikisikia sauti yako haiko sawa, nakata. Ikiwa sawa, nampa Mama."

"Sawa."

"Nakata kweli, Corey."

"Najua utakata."

Bernadine alitaka kubisha. Nilimfinya kiuno, akanyamaza.

Deanna alirudi, akazima oveni, akaanza kukusanya vitu vyake bila kelele. Alitia biskuti zilizobaki kwenye mfuko, akampa Corey, naye akazipokea kwa mikono miwili. Kisha Corey alisema lazima aende, kule anakolala wanafunga mapema. Akambusu mama yake kwenye nywele. Akashuka baraza, akaanza kutembea kuelekea mtoni, na mvua ilikuwa imezidi.

Janine alimtazama mpaka akafika kona. Halafu akatoka, akavuka barabara hadi uwanjani kwangu, akawasha gari lake. Nilimfuata, nikidhani anakwenda zake Columbus kama alivyotishia. Aliliendesha polepole hadi kona ile, akasimama kando ya Corey. Mabasi hayapiti huku Jumapili. Nilifika nikihema, wakati amekwisha shuka na kufungua buti. Akatoa mfuko wa dawa za mama yake, akanikabidhi mbele ya macho ya mdogo wake.

"Hizi zishike, Bi Lois. Usiziache popote."

Corey aligeuza uso, akatazama bomba la mvua la nyumba ya jirani. Sijui kama ilimuuma. Lazima ilimuuma. Janine akatoa pia sanduku la vito na hati, akaniongezea mikononi hadi vijiko vikalia. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa upande wa abiria.

"Panda. Umelowa."

Wakaondoka. Alirudi giza likiingia, akasema wamekula hambaga kwenye maegesho, na zaidi ya hapo hakusema.

Wale vijana wenye mtoto hawakupokea tena simu za Deanna, wala sikuwalaumu. Yule wa futi ya chuma aliomba miadi katikati ya wiki, akapima tena kila kitu, akanunua. Ameng'oa zulia. Bernadine alihama mwezi wa tano, na siku ya kuondoka alinikasirikia kwa jambo la vyungu vya maua ili asilie.

Corey alipiga Jumapili ya kwanza. Ya pili hakupiga. Ya tatu alipiga, Janine akasikiliza kidogo, akakata, na Bernadine hakuzungumza na bintiye siku nzima. Wakati wa joto aliingia nyumba ya matibabu, akatoroka, akarudi mwenyewe. Kufikia vuli alikuwa bado yumo.

Mwezi wa kumi Bernadine alinipigia, sauti yake imechangamka. Walikuwa wamekutana na Corey, aliyepewa ruhusa ya kutoka siku hiyo, katika mkahawa kando ya barabara kuu, karibu na Mansfield, katikati ya njia ya Columbus na Youngstown. Alikula sahani mbili. Mikono bado inamtetemeka kidogo, lakini amenenepa mashavuni, na amemwambia fremu ile ya kutembelea ni mbovu, atamtafutia yenye magurudumu.

Nikaomba nizungumze na Janine. Alichukua simu, nikamuuliza yeye alikuwa wapi wakati wote huo.

"Meza ya pili, jirani na yao," akasema. "Na mkoba wangu mapajani."

"Mlizungumza?"

"Aliniuliza kama nitamalizia viazi vyangu."

"Ukampa?"

"Nikampa."

Akaniambia subiri kidogo, mama anamwita, kisha akakata.